Haya ya Ulimi: Je, Yafaa Mtu Kujizoeza Kiingereza Peke Yake?

Kuna haya namna mbili, nazo hufanana kwa sura kama pacha, ingawa hazikuzaliwa na mama mmoja. Haya ya kwanza humzuia mtu asiibe, asiseme uongo, asimdharau mzee. Hiyo twaisifu, na mtoto asiyekuwa nayo twamhesabu kuwa ameharibika. Haya ya pili humzuia mtu asitende jambo jema kwa kuogopa macho ya watu. Hii nayo twaiita haya, kwa kuwa lugha yetu imeyapa mambo hayo mawili jina moja, na kwa hiyo mara nyingi twaisifu pasipo kuichunguza. Nataka tuitazame leo katika jambo moja dogo, ambalo walimu wenzangu walijua vema: kijana aliyesoma Kiingereza miaka mingi, akajaza madaftari, naye akiulizwa kwa lugha hiyo jina la kijiji chake, huinama akatazama vidole vya miguu yake.

Msomaji aweza kuniuliza, Jambo hili lina uzito gani hata lihesabiwe katika maswali ya wema na ubaya? Kujua lugha ya kigeni si wema, wala kutoijua si dhambi. Ni kweli. Mtu aweza kuishi maisha ya haki toka kuzaliwa hata kuzikwa asijue neno moja la Kiingereza, na babu zetu wengi waliishi hivyo, tena wakatuzidi. Lakini tazama mambo yalivyo katika nchi yetu ya Tanzania. Katika shule za msingi za serikali, zilizo nyingi, mtoto hufundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili; akipanda kwenda sekondari, masomo yale yale humjia kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, sasa mkono wake umelala juu ya dawati. Akili haikumtoka njiani kati ya shule hii na ile. Ana swali, na swali lenyewe ni zuri, lakini hana njia ya kulitoa kinywani. Mwalimu naye aona darasa limenyamaza, adhani wameelewa, aendelea mbele. Kisha mtihani huja, na ukimya ule huhesabiwa kuwa ujinga. Baba aliuza magunia ya mahindi apate sare na madaftari. Basi mahindi yale yameliwa na haya ya mtoto, wala hakuna aliyeshiba.

Kadhalika mkulima wa kahawa apokeaye mgeni mnunuzi, akasemewa na mtu mwingine, hajui katika maneno yake ni mangapi yaliyofika na mangapi yaliyoanguka njiani. Yeye hakusema uongo. Lakini hana hakika kama ukweli wake umesemwa.

Sasa tuulize, kwa nini aliyejifunza asiweze kusema? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipoandika juu ya tabia njema alitoa mfano wa kazi za mikono. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Nadhani mfano huu watufaa sana sisi walimu, maana twafundisha Kiingereza kama mtu afundishaye baiskeli ubaoni. Huu ndio usukani, hizi ndizo pedali, huu ndio mnyororo. Mwanafunzi huyajua majina yote, hupata alama 90 katika 100. Kisha twampa baiskeli, aanguka, nasi twamshangaa. Ulimi ni kiungo cha mwili, nao hujifunza kama vidole vijifunzavyo kusuka ukili. Msichana hodari wa kusuka hafikiri tena kama chane hii ipite juu au chini; aweza kusuka huku akisimulia habari za harusi ya jirani. Hali hiyo ndiyo tuitakayo katika lugha, wala haipatikani kwa kusikiliza habari za ukili.

Tena msidhani kwamba darasa lenyewe latosha kwa kusuka huku. Chukua darasa la watoto 60 na kipindi cha dakika 40. Ukigawa sawasawa, kila mtoto apata sekunde 40 za kusema, tena kwa sharti kwamba mwalimu mwenyewe anyamaze kabisa toka mwanzo hata mwisho. Nasi walimu hatujui kunyamaza. Na nje ya darasa je? Huko kuna kicheko. Kijana akijaribu maneno mawili matatu kisimani au dukani, mara atasikia, Huyu anajitia Uzungu. Akikosea, watachekelea kosa. Asipokosea, watachekelea kule kutokukosea. Basi yamsalia mahali pamoja tu, napo ni pale alipo peke yake.

Si jambo jipya. Plutarch, aliyeandika maisha ya watu mashuhuri wa Wagiriki na Warumi, ametuachia habari za Demosthenes wa Athens, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo. Mtu huyu aliposimama mara ya kwanza mbele ya watu wa mji, walimcheka, kwa maana sauti yake ilikuwa dhaifu na pumzi yake fupi. Akajitengenezea chumba chini ya ardhi, akawa akishuka humo kuzoeza sauti yake, pengine miezi miwili au mitatu mfululizo. Na ili asishawishike kutoka, alinyoa nusu ya kichwa akaacha nusu, apate kuona haya kuonekana njiani. Angalia ajabu ya jambo hili: haya ile ile iliyokuwa ikimfunga ulimi, aliigeuza ikawa mlinzi wa mlango wake. Alitia na vijiwe kinywani ili kuulazimisha ulimi utamke wazi, akasema hotuba huku akipanda mlima mbio. Siwashauri wanafunzi wangu kutia mawe kinywani. Nasema tu kwamba huyo ambaye vizazi vingi vimemwita msemaji mkuu wa Wagiriki alijifunza kazi hiyo pasipokuwa na mtu wa kumsikia.

Wako watakaosema kwamba kusema peke yako ni kazi ya mwenda wazimu. Hoja hii haina haja ya jibu refu. Mwimbaji wa kwaya aimbaye sauti ya pili huirudia peke yake shambani, jembe mkononi, na hakuna amwitaye mwenda wazimu. Hoja nyingine ni nzito kidogo. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Lugha ni daraja kati ya mtu na mtu, basi mtu mmoja atajengaje daraja lenye upande mmoja? Hilo ni kweli, wala sitaki kulipunguza. Aliyejizoeza peke yake hajapata kukatizwa maneno, hajapata kuulizwa swali asilolitazamia, hajaona uso wa mtu asiyemwelewa. Mambo hayo hutoka kwa watu tu. Walakini mvuvi hushona nyavu zake nchi kavu, mahali pasipo samaki hata mmoja, wala hatumwambii kwamba anapoteza wakati.

Lakini liko shitaka la tatu, nalo ndilo lililonifanya niandike. Watu husema kwamba bidii hii ni kiburi: kwamba kijana akijizoeza sana Kiingereza, mwisho atawaona wazazi wake kuwa washamba, atajibu salamu ya shangazi yake kwa lugha asiyoijua shangazi. Hatuwezi kulikana neno hili, maana sote tumewaona watu wa namna hiyo. Yuko atiaye neno la Kiingereza katika kila sentensi yake, si kwa sababu amekosa la Kiswahili, bali apate kuwapima wasikilizaji na kuwaona wamepungua. Hicho ni kiburi, hapana jina jingine.

Walakini tufikiri taratibu. Mwenye kiburi anataka nini? Anataka kusikiwa. Sasa yule aamkaye kabla ya jogoo wa pili, akakaa jikoni peke yake akirudia maneno ya kigeni, nani amsikiaye? Nani amsifuye? Kazi hiyo haina soko. Atakaye sifa huichoka katika juma moja, arudi kwenye njia fupi ya kujifunza maneno kumi makubwa ya kuwatisha watu. Kwa hiyo naona mazoezi ya siri ni kama ungo: atakaye kujua hubaki juu yake, atakaye kuonekana huanguka chini pamoja na pumba.

Kisha tumtazame na yule anyamazaye. Twamsifu kuwa mnyenyekevu. Lakini ukimwuliza kwa upole kwa nini hasemi, atakuambia, Naogopa kukosea mbele ya watu. Na ukiendelea kuuliza, utaona mara nyingi kwamba chini ya hofu ile pana neno jingine: hataki kuonekana mwanafunzi. Anataka siku ya kwanza watu wamwonayo awe amekwisha kuwa bingwa. Amejiwekea heshima kubwa mno moyoni, naye ailinda kwa kunyamaza, kama mtu mwenye nguo moja nzuri asiyetoka nyumbani mvua ikinyesha. Basi haya hii tuisifuyo yaweza kuwa mtoto wa kiburi aliyelelewa katika nyumba ya unyenyekevu.

Hata hivyo nisiwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Wako watoto walionyamazishwa kwa mikono ya wengine. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na fikira za Waafrika, aeleza jinsi watoto wa Kenya wa zamani zake walivyochapwa kwa kusema Kigikuyu karibu na shule, na wengine walivyovikwa shingoni kibao chenye maneno ya kuwaita wajinga au punda. Mtoto aliyefundishwa lugha kwa njia hiyo, akifunga kinywa chake, hana kiburi, ana jeraha. Kwake huyo chumba cha upweke ni mahali pa kupona, ambapo kosa huweza kutokea lisifuatwe na fimbo.

Sasa Aristotle yule yule ana onyo, nalo limesahauliwa na wengi watoao mfano wake. Asema kwamba kwa kupiga kinubi huzaliwa wapigaji wazuri na wapigaji wabaya pia. Kama isingekuwa hivyo, mwalimu asingehitajiwa. Arudiaye kosa mara mia hujifunza kosa. Hili ndilo swali gumu la mtu ajizoezaye peke yake: nani atakuwa mwamuzi wake?

Jibu zuri nililoliona limo katika maisha ya Benjamin Franklin, mzaliwa wa Boston mwaka 1706. Alipokuwa kijana katika kazi ya kupiga chapa kwa ndugu yake, alitaka kujifunza kuandika vizuri, naye hakuwa na mwalimu. Akatwaa insha za gazeti moja la London, akaandika kwa kifupi maana ya kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa. Kisha, bila kutazama kitabu, akajaribu kuziandika upya kwa maneno yake, akalinganisha kazi yake na ile ya kwanza, akaona makosa yake akayasahihisha. Wakati wake ulikuwa usiku, au asubuhi kabla ya kazi, au Jumapili. Franklin aliifanya njia hii kwa kalamu, lakini yafaa kwa ulimi vile vile. Soma habari fupi ya Kiingereza chepesi, ifunike, isimulie kwa sauti, kisha ifunue uone ulipopotea. Na kwa kuwa siku hizi simu ziko hata vijijini, nazo hunasa sauti, mtu aweza kumsikiliza msomaji hodari, akamfuata neno kwa neno kama kivuli kimfuatavyo mwenye mwili, akanasa sauti yake mwenyewe, akazilinganisha. Wengi hawapendi kusikia sauti yao ilivyo. Haidhuru, simu haicheki.

Yako mambo ambayo sikio litayaona upesi likifunguliwa. Katika Kiswahili mkazo wa neno hukaa karibu siku zote katika silabi ya pili kutoka mwisho, nasi twatamka kila silabi kwa haki yake. Kiingereza si hivyo. Mkazo wake huhamahama. Neno la picha iliyopigwa na neno la kazi ya kupiga picha ni ndugu wa damu, lakini kila moja lakazwa mahali pake, na silabi zisizokazwa humezwa nusu. Tena sisi tumezoea kumaliza maneno kwa irabu na kuzitenga konsonanti zikikaribiana. Tazama jinsi Waswahili walivyolipokea neno la Kiingereza wakapata kilabu: wametia irabu katikati na irabu mwishoni, nalo likawa neno zuri la kwetu, lakini Mwingereza hatalitambua. Neno la merikebu na neno la kondoo kwa Kiingereza hutengwa na irabu moja tu, ambayo kwa sikio letu ni ile ile. Mtu aweza kupanda kondoo kwenda Unguja asijue. Lakini tusijidharau. Sauti zilizomo katika thelathini na dhahabu zimo katika Kiingereza pia, na Wafaransa na Wajerumani wajifunzao lugha hiyo huzitolea jasho, na mtoto wa Kiswahili amezizoea tangu utotoni.

Zoezi jingine lataka saa. Paul Nation, mwalimu wa lugha wa New Zealand, aliandika mwaka 1989 juu ya njia ya kusimulia habari moja mara tatu kwa wasikilizaji watatu mbalimbali: kwanza kwa dakika 4, kisha kwa 3, kisha kwa 2. Mara ya kwanza mtu hutafuta maneno. Mara ya tatu maneno yamekwisha kupatikana, na ulimi hukimbia. Asiyekuwa na wasikilizaji asimulie ukuta, au ng'ombe akiwa machungani. Achague habari ya maisha yake yenyewe: jinsi mpunga upandwavyo, jinsi daraja lilivyochukuliwa na maji. Sioni faida ya kujizoeza kuagiza chai katika hoteli ya London mtu asiyetazamia kufika London. Nusu saa kila siku yashinda saa nne za Jumamosi, maana kumbukumbu ni kama bustani, haitaki gharika.

Mtu ataniuliza, Je, tujizoeze hata tusikike kama Waingereza wenyewe? Mimi sidhani. Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 na wazazi wa Kipolandi. Alipofika Uingereza mwaka 1878, baharia wa miaka 20, Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Akajifunza merikebuni na katika vitabu, na toka mwaka 1895 akatoa riwaya ambazo husomwa mpaka leo. Walakini alipofungua kinywa, kila mtu alisikia Upolandi wake, hata alipokufa mwaka 1924. Lafudhi ya mama haina aibu ikiwa msikilizaji apata maana. Aibu ni pale mtu apindapo pua na midomo ili asijulikane kwao ni wapi.

Na sisi tusikilizao tuna neno la kuulizwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere Unguja mwaka 1864. Walijifunza Kiswahili kwa kukaa na wenyeji na kuwauliza. Vitabu vyao vya lugha yetu, cha Steere mwaka 1870 na kamusi ya Krapf mwaka 1882, visingalikuwapo kama wenyeji wasingaliwastahimilia. Hata leo mgeni akitusalimu kwa Kiswahili kilichovunjika, twafurahi, twampigia makofi, twamwambia anajua sana. Kwa nini basi mtoto wetu akivunja Kiingereza tumcheke? Mgeni twampa haki ya kujifunza, mwana wa nyumbani twamnyima. Sijapata kusikia sababu ya jambo hili iliyo nzuri.

Wala kuijua lugha ya pili si lazima kumfukuze mtu katika ya kwanza. Julius Nyerere, mwalimu wa shule kabla hajawa kiongozi wa nchi, aliyesoma Edinburgh akajua Kiingereza kuliko wengi wetu, aliwaletea Waswahili tamthilia mbili za Shakespeare katika lugha yao wenyewe, moja ikichapwa mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Alikwenda mbali kwa lugha ile, akarudi na mzigo.

Katika mazoezi yote niyajuayo, lile nilipendalo zaidi halihitaji kitabu. Chukua pakiti ya dawa ya kunyunyizia mboga, yenye maelezo ya Kiingereza. Binti aisome kwa sauti akiwa peke yake nje. Kisha aikunje karatasi, aseme kwa Kiingereza chake mwenyewe mambo aliyoyasoma: dawa kiasi gani kwa maji kiasi gani, zingojwe siku ngapi kabla ya kuchuma. Akimaliza, aingie jikoni amweleze mama yake kwa lugha ya nyumbani. Mama atauliza, Na mvua ikinyesha siku ile ile, turudie? Binti akiona hana jibu, atoke nje tena, aikunjue karatasi, asome.